Likizo ya Theluji Lesotho kwa Mtu wa Pwani: Kimo, Mpaka na Gharama

Kwa mtu aliyezaliwa na kukulia Malindi, safari ya kwenda kuteleza kwenye theluji haiamuliwi na mteremko. Huamuliwa na kimo cha mlima, na karatasi za mpakani, na saa ambayo jua huzama. Mteremko huja mwisho kabisa, na ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Nayaandika haya kwa sababu tangu turudi kutoka Lesotho watu wa hapa mjini wamekuwa wakiniuliza juu ya skii zenyewe, yaani vile vibao virefu vya kutelezea vinavyofungwa miguuni, bei yake na namna ya kusimama juu yake, ilhali karibu kila jambo lililotutoa jasho lilitupata kabla hatujazivaa.

Nafanya kazi ya kupokea wageni katika hoteli iliyo upande wa Casuarina. Wengi wa wageni wetu ni Waitaliano, ambao nchi yao imekuwa na uhusiano na pwani hii tangu miaka ya 1960, kilipojengwa kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, na baadhi yao hawachoki kusimulia milima ya Dolomiti ya kwao Italia. Ni simulizi zao zilizonitia hamu. Hata hivyo, msimu wa theluji wa Ulaya ndio msimu wetu wa kaskazi, wakati vyumba vimejaa na hakuna meneja atakayekubali kutia saini likizo ya mtu. Ongeza viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 ambayo lazima iambatanishwe na maombi, na utaona kwamba gharama huanza kabla hujajua kama utaruhusiwa kuingia. Morocco inayo Oukaïmeden, juu ya Marrakech, lakini theluji yake nayo ni ya miezi hiyohiyo ambayo sisi hatuwezi kuondoka kazini.

Lesotho iko kusini sana mwa ikweta, na kipupwe chake ni kuanzia Juni hadi Agosti. Juni ndiyo kusi yetu imeshika, bahari imechafuka, mashua zimepandishwa pwani na hoteli kadhaa zimefungwa kwa ukarabati. Kwa hiyo majira ya theluji ya kule huanza wakati ambao mfanyakazi wa utalii wa Malindi ana nafasi, ingawa hana fedha nyingi, na hilo la fedha nitalirudia. Mahali penyewe panaitwa Afriski, kaskazini mwa nchi, katika milima ya Maloti, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mteremko mkuu una urefu wa takriban kilomita moja. Mgeni wangu mmoja wa Dolomiti alipoambiwa urefu huo alicheka, na alikuwa na haki ya kucheka; lakini kwa wanaoanza, kilomita moja ni zaidi ya wanavyoweza kumaliza bila kuanguka.

Jambo ambalo si wengi hulieleza ni kwamba theluji nyingi ya pale hutengenezwa. Mashine hunyunyiza maji pamoja na hewa iliyoshindiliwa, na matone huganda kabla ya kufika chini, kazi inayowezekana tu usiku wa baridi kali na hewa kavu. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa Juni mteremko unaweza kuwa umefunguliwa sehemu tu. Kwa upande mwingine, shule za Afrika Kusini kwa kawaida hufungwa kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Julai, na hapo bei hupanda na familia kutoka Johannesburg hujaa. Tulichagua wiki ya tatu ya Juni, tukapanga siku za mlimani ziwe katikati ya wiki, na hadi leo naona huo ndio uamuzi uliotuletea faida kubwa kuliko punguzo lolote tulilolitafuta.

Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na binamu yangu anayefundisha shule ya msingi. Karatasi tulizianza mapema. Wakenya hawahitaji viza kuingia Afrika Kusini tangu Januari 2023, kwa muda usiozidi siku 90 katika mwaka, na ni vyema kujua kwamba ukivuka kwenda Lesotho na kurudi, hesabu ya siku hizo haianzi upya. Masharti ya Lesotho tuliyaulizia kwa barua pepe na kupata jibu la maandishi kabla ya kulipia chochote, kwa kuwa kanuni za viza hubadilika na jibu la mtu aliyesafiri zamani si hoja mbele ya afisa wa mpakani. Kisha kuna cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Afrika Kusini hudai kutoka kwa anayetoka Kenya. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, na baada ya hapo cheti hudumu maisha yote. Binamu yangu alikuwa akiahirisha kwenda Mombasa kuchanjwa mpaka zikabaki siku chache juu ya zile 10, nami nilikuwa na hasira ambayo sikuidhihirisha, kwani tiketi za ndege zilikuwa za aina isiyorudishiwa fedha.

Sasa nifike kwenye kimo, ambacho ndicho kiini cha maandishi haya. Sisi tunaishi mita chache juu ya maji. Kwenye mita 3,000 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 70 ya ile ya pwani, na mwili unaopandishwa huko kwa siku moja hulalamika kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi uliokatikakatika. Ushauri wa kitabibu ni kutotoka sehemu ya chini na kwenda kulala juu ya takriban mita 2,750 katika siku moja. Johannesburg iko kwenye mita zipatazo 1,700, na mji mdogo wa Clarens, karibu na mpaka wa Lesotho, uko juu kidogo ya hapo. Tulipanga kulala Johannesburg, kisha Clarens, ndipo tupande. Mtu wa wakala aliyetutafutia vyumba alituona waoga, akasema vijana kutoka Durban hupanda na kuteleza siku ileile. Huenda hufanya hivyo. Lakini siku ya kukaa kitandani na kichwa kinachopasuka hulipiwa bei ileile ya siku ya kuteleza.

Kuna jambo la Pwani hasa ambalo sikulikuta katika maelezo yoyote ya safari za theluji, nalo ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kinasaba cha ugonjwa huu kimeenea katika kaunti yetu ya Kilifi, kwa kuwa anayekibeba kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mtu mwenye ugonjwa wenyewe hapaswi kupanda milima mirefu bila idhini ya daktari, kwa sababu upungufu wa oksijeni husababisha chembe zake nyekundu za damu kujikunja na kuziba mishipa. Na hata anayebeba kinasaba kimoja, ambaye maisha yake yote hajaugua, anaweza mara chache kupata madhara ya wengu akiwa juu. Mke wangu ana ndugu mwenye ugonjwa huo. Tulipima sote watatu, yeye akakutwa na kinasaba kimoja, na daktari akamruhusu kwa masharti: kunywa maji kwa wingi, kutojichosha siku ya kwanza, na kuteremka mara moja akisikia maumivu upande wa kushoto chini ya mbavu. Kipimo hakikuwa ghali. Nashangaa kwamba tunapima mafuta ya gari kabla ya safari ndefu na damu zetu hatuzipimi.

Kuhusu mavazi, sokoni kwetu makoti mazito ya mitumba hupatikana kwa bei nafuu kwa sababu hakuna anayeyataka, na tulinunua hapo. Kanuni ni kuvaa tabaka: nguo nyepesi isiyo ya pamba iliyogusana na mwili, sweta ya sufu juu yake, kisha koti lisilopitisha upepo wala maji. Pamba hunywa jasho, na jasho likipoa juu ya mwili ndilo hukutetemesha. Binamu yangu alishikilia fulana zake za pamba siku ya kwanza, akabadilisha kabla ya adhuhuri bila kubishana. Miwani na mafuta ya kukinga jua si anasa hata kwa ngozi nyeusi. Theluji hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, nayo miale yenyewe huzidi ukali kadiri unavyopanda, na macho yasiyokingwa yanaweza kuungua juujuu na kuuma usiku kucha. Viatu, skii, fimbo na helmeti tulikodi kule kule.

Tuliondoka Malindi kwa basi hadi Mombasa, tukapanda treni ya SGR kwenda Nairobi ili kuokoa fedha, kisha ndege hadi Johannesburg, mwendo wa saa nne hivi. Kukodi gari kulihitaji kadi ya mkopo ya kuwekea dhamana. Kadi ya kawaida ya benki ilikataliwa, na M-Pesa haikuwa jambo la kuzungumzia mbele ya dirisha lile. Kwa bahati mke wangu alikuwa na kadi hiyo kupitia chama chao cha akiba, vinginevyo safari ingeishia uwanja wa ndege. Huko wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na leseni iliyoandikwa kwa Kiingereza yenye picha inakubalika.

Tatizo lilitupata mpakani Caledonspoort, karibu na Fouriesburg. Gari la kukodi haliruhusiwi kuvuka kuingia Lesotho bila barua ya ruhusa kutoka kwa kampuni inayolimiliki, na barua hiyo huandikwa namba ya gari. Tulikuwa nayo. Lakini asubuhi ya kuchukua gari, lile tulilopangiwa lilikuwa na kasoro ya gurudumu, kampuni ikatupa jingine, na hakuna mfanyakazi aliyekumbuka kubadilisha namba katika barua. Afisa alisoma barua, akatoka nje, akatazama kibao cha gari, akarudi akaturejeshea karatasi zetu kwa upole kabisa. Tulipiga simu. Simu ilipokelewa na mtu aliyetuhamishia kwa mwingine, naye kwa mwingine, na barua mpya ikafika kwa barua pepe jua likiwa linaelekea kuzama. Mwezi wa Juni jua la huko huzama mnamo saa kumi na moja na robo jioni, jambo ambalo sisi wa ikweta, tuliozoea magharibi isiyohama, hatuliingizi katika hesabu. Mpaka ulikuwa bado wazi, kwa kuwa hufungwa saa nne usiku, lakini njia ya kupanda mlimani gizani sikuitaka. Tulirudi Fouriesburg tukalala. Chumba cha mlimani cha usiku ule tulikilipia bila kukilalia, na kampuni haikurudisha chochote.

Hata hivyo, usiku huo wa ziada katika kimo cha wastani naamini ndio uliotuepusha na maumivu ya kichwa. Asubuhi tulilipa ada ndogo ya barabara upande wa Lesotho, tukapita Butha-Buthe, tukajaza mafuta hapo kwa sababu mbele vituo ni haba, na kuanza kupanda Moteng. Njia hiyo hufika mita 2,820. Lami ni nzuri, ila kona zake hukunja juu ya bonde, na sehemu zilizofichwa na jua huwa na barafu asubuhi ambayo huwezi kuiona. Ushauri tuliopewa kituoni ni kupanda baada ya saa nne asubuhi, kutumia gia ndogo wakati wa kuteremka badala ya kukanyaga breki muda wote, na kuwapisha wachungaji na kondoo wao. Wachungaji hao huvaa mablanketi mazito yaliyofungwa begani kwa pini, na nilipotoka garini kupiga picha kwa koti langu la mtumba nilielewa kwa nini. Lesotho ndiyo nchi pekee duniani ambayo eneo lake lote liko juu ya mita 1,000; mahali pake pa chini kabisa ni kwenye mita 1,400.

Mlimani, kabla ya kupewa skii, mtu huulizwa uzito, urefu, umri na uzoefu wake, na vifungio vya kiatu hurekebishwa kulingana na majibu hayo ili vifyatuke unapoanguka na kuuokoa mguu. Binamu yangu, kwa haya, alitaja uzito mdogo kuliko alio nao. Nikamwambia, “Ndugu yangu, hapa hatukuja kuposa, sema kweli.” Uzito wa uongo upande huo hufanya skii ifyatuke bure katikati ya mwendo. Viatu navyo vibane kwa soksi moja ndefu nyembamba; aliyevaa soksi mbili akidhani atapata joto hukata mzunguko wa damu na vidole hupoa zaidi.

Tulilipia mwalimu, na fedha hiyo msiipunguze. Somo la kwanza ni kusimama: ncha za mbele za skii zikaribiane, mikia itanuliwe, uzito uegemee mbele. Mwili wa mtu anayeogopa huegemea nyuma, na ukiegemea nyuma skii hukukimbilia. Ndilo jambo lililonichukua muda mrefu kulikubali. Mke wangu, ambaye amezoea kusimama ndani ya mashua tangu utotoni, alilipata haraka kutuzidi sisi wanaume, na watoto wa Kisotho wa umri wa darasa la pili walitupita pande zote wakiwa hawana hata fimbo. Nilianguka sana, nikaona aibu, kisha aibu ikaisha kwa kuwa kila mtu huanguka. Lifti ya pale haikuketishi kitini. Hukusukuma kutoka nyuma ukiwa umesimama, na anayejaribu kuikalia huanguka palepale na kuwasimamisha walio nyuma yake. Iache ikusukume.

Kwa Waislamu wenzangu kuna mambo mawili matatu. Nyama ya halali tuliinunua Fordsburg, Johannesburg, ikiwa imepikwa na kugandishwa, tukaibeba katika kisanduku. Mlimani tuliipasha moto tu, kwa kuwa tulichagua chumba chenye jiko. Udhu wa alfajiri kwa maji yale ni mtihani, na hapa ruhusa ya msafiri ya kupangusa juu ya khuffu, yaani soksi za ngozi, kwa siku tatu na usiku wake, kwa aliyezivaa akiwa na udhu, ilitufaa sana. Kibla cha Malindi ni karibu kaskazini kabisa, na Lesotho kinaelekea mashariki kidogo ya kaskazini.

Mambo madogo yaliyobaki: soketi za huko ni za pini tatu nene za mviringo, kwa hiyo plagi zetu haziingii na adapta inunuliwe mapema. Betri ya simu huisha haraka kwenye baridi, basi simu ikae mfuko wa ndani. Randi hupokelewa kote Lesotho na thamani yake ni sawa na loti, fedha ya Lesotho, lakini loti ukibaki nazo Afrika Kusini hazitakufaa, zitumie kabla ya kuvuka.

Nilisema nitarudia suala la fedha. Tiketi za ndege zilimeza karibu nusu ya bajeti yote, na gari, mafuta na mambo ya mpaka yakachukua kiasi cha robo. Kilichobaki kiligawanyika kati ya malazi na chakula kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine mteremko wenyewe, yaani tiketi ya lifti, vifaa na mwalimu, ambao haukufika sehemu moja ya sita ya matumizi. Kwa maana hiyo, anayetaka kubana matumizi asibane kwenye mwalimu. Atafute ndege ya bei nafuu miezi kadhaa kabla, na gari waligawane watu wanne badala ya watatu. Bima ya safari ilitugharimu kidogo zaidi ya kawaida kwa sababu bima nyingi hazihusishi michezo ya theluji mpaka uiombe na kuilipia, na mtu akivunjika mguu kule huenda akahitaji kuvushwa mpaka hadi hospitali kubwa za Afrika Kusini. Someni sharti hilo kwa macho yenu wenyewe, msimwachie wakala.

Jirani yangu anataka kuwapeleka watoto wake wawili. Nilimshauri awapime damu kwanza, achukue vyeti vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi wote wawili, kwa kuwa maafisa wa Afrika Kusini huangalia kwa makini watoto wanaovuka mipaka, na alale Clarens usiku mbili kabla ya kupanda. Sisi tunakusudia kurudi katika wiki ileile ya Juni, kabla ya shule zao kufungwa, na safari hii hatutaondoka kwenye ofisi ya magari mpaka namba iliyo kwenye barua na iliyo kwenye kibao zisomwe kwa sauti mbele yetu.